Sufuria Ndani ya Blanketi

4 Februari

Mke wangu,

Leo ni tarehe nne, siku ya kumi na tisa tangu niondoke nyumbani. Naandika kwa kalamu ya risasi ya seremala kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la saruji siku ya tatu, na tangu hapo imekuwa kokoto. Mwandiko utauvumilia. Unajua shule na mimi tuliachana mapema.

Kazi ipo, tena nyingi. Jengo lina ghorofa saba na kila ukuta unataka lipu ndani na nje. Sisi tumepewa kuanzia ya nne kwenda juu. Msimamizi ametuambia mapema: atakayebaki mpaka ukuta wa mwisho, ambao anakisia utakuwa Juni, atapewa barua ya ufundi yenye muhuri wa kampuni. Nikiwa na barua hiyo nitaomba kazi huko huko kwetu kama fundi na si kama mbeba ndoo, na sitaondoka tena nyumbani. Hicho ndicho kilichonileta, na sitaki kingine.

Lakini kuna daftari. King'ora cha mchana hulia saa sita na cha kurudi hulia saa saba. Ukichelewa, unawekewa alama. Alama tatu, unapewa nauli na begi lako. Na mimi, mke wangu, tayari ninayo moja.

Kisa ni chakula. Kibanda cha chakula kiko kimoja tu, foleni yake inafika barabarani, na ukifika mbele sahani imejaa mchuzi kuliko kitu. Wiki ya kwanza nilikula hapo. Wiki ya pili nikasema nitaacha kula mchana, nitakula jioni. Siku ya tatu ya kuacha kula nikiwa juu ya jukwaa niliona ukuta unanijia. Mwenzangu alinishika mkanda wa suruali. Kwa hiyo kuacha kula si dawa.

Chumba changu kiko mwendo wa dakika saba kutoka getini. Nina jiko la mafuta, sufuria moja, kisu na kijiko. Nikasema nitapika mwenyewe. Jumatatu nikakimbia na maharage mabichi, nikayabandika, nikayasubiri. Saa saba kasoro tano yalikuwa bado yanagonga sufuria kama mawe ya mvua. Niliondoka na njaa na bado nikachelewa. Alama.

Sasa niambie. Nyumbani kila nikirudi mchana nilikuta chakula mezani, na sikuwahi kuuliza kilifikaje. Mwiko wa saruji naujua, wa jikoni bado. Nipe vitu vya haraka, vya bei ya mtu kama mimi, vya kupikwa na kuliwa ndani ya dakika arobaini.

Mama usimwambie. Usiku ule kabla sijaondoka alisema nitarudi kabla ya mwezi kwisha, mtu asiyejua kuchemsha maji. Na asubuhi hakutoka hata kuniaga. Akisikia habari ya maharage atacheka mpaka mtaa wa pili.

Wako,
Mumeo


13 Februari

Mume wangu,

Barua imefika ikiwa na alama ya kidole cha saruji kwenye bahasha. Mwanamke wa posta aliniuliza kama umenitumia tofali.

Pole na jukwaa. Usiache kula tena, hata siku moja. Mama mzima, anashughulika na mambo yake. Hajauliza.

Sasa sikiliza. Kosa lako ni kudhani chakula cha mchana kinapikwa mchana. Kinapikwa jana jioni na asubuhi, mchana kinamaliziwa tu. Jioni ukirudi, kata vitunguu, kabichi na nyanya, vifunike. Asubuhi chemsha viazi wakati unanawa uso, viache kwenye maji yake. Mchana ukifika unakaanga vitunguu, unatupia kabichi, unakata viazi ndani, unavunja mayai mawili juu yake, unafunika. Ukihesabu mpaka mia mbili kimeiva.

Siku nyingine nunua dengu nyekundu, zile ndogo zilizomenywa. Hizo hazina kiburi cha maharage. Dakika ishirini tu. Maji yazizidi kwa kina cha kidole. Chumvi bana kwa vidole vitatu, tia mwishoni. Kula na wali wa jana ulioupasha moto kwa kuunyunyizia maji, usiongeze mafuta.

Kitunguu kibichi usile, hata wenzako wakikushawishi. Tumbo lako halijawahi kukipenda tangu ulipokula kizima kizima kwa kubishana.

Mimi mchana niko kwenye cherehani kama kawaida. Tumepewa sare za shule mia tatu na vifungo vyake vyote. Nikifumba macho naona vifungo.

Mkeo


25 Februari

Mke wangu,

Wewe ni mwalimu. Viazi na kabichi nimevipika mara nne na sijachelewa hata mara moja. Siku ya kwanza nilirudi getini nikiwa na dakika kumi na mbili za bure, nikakosa la kuzifanyia, nikakaa juu ya mfuko wa saruji kama tajiri.

Dengu nazo zilitaka kuniua, lakini si kosa lako. Umesema nibane chumvi kwa vidole vitatu. Hukujua vidole vyenyewe vimekuwaje. Saruji imevinenepesha, ngozi imekuwa gome, nikibana naokota nusu ya pakiti bila kuhisi. Nilipoonja, ulimi ulirudi nyuma. Chakula hakitupwi, kwa hiyo nilimwita mwenzangu wa chumbani tusaidiane.

Huyu sijakutajia. Ni mlinzi wa usiku wa jengo letu, mtu mzima, mzee kuliko kaka yangu mkubwa. Tunamwita Popo kwa sababu mchana ndio usiku wake. Kodi tunagawana na kitanda ni kimoja: yeye hurudi saa moja asubuhi mimi nikiwa nimeshatoka, analala mpaka jioni, mimi narudi kulala yeye akiwa lindoni. Tunakutana mchana tu, mimi nikipika na yeye akikoroma. Siku ile aliamka, akala zile dengu zote, akanywa ndoo ya maji. Kesho yake akaniambia hajawahi kulinda vizuri vile, maana usiku kucha hakupata nafasi ya kusinzia, alikuwa anakimbilia chooni.

Sasa nina jambo. Nimeyakumbuka maharage. Ndiyo rahisi kuliko vyote sokoni hapa, na yanashika tumbo mpaka jioni. Vya mayai vinaniacha saa tisa. Hakuna njia ya kuyatiisha?

Nashangaa ulijuaje habari ya kitunguu. Kumbukumbu hiyo hata mimi nilikuwa nimeipoteza.

Mumeo


6 Machi

Mume wangu,

Chumvi tumia ncha ya kijiko, basi. Tumecheka sana. Nimecheka sana.

Maharage yanatiishwa kwa usingizi. Yaloweke tangu jioni. Asubuhi, kabla hujavaa viatu, yachemshe kwa nguvu dakika kumi na tano na kitunguu na nyanya ndani. Yakiwa bado yanatokota, funika vizuri, toa motoni, izungushie sufuria yote blanketi zito mpaka isionekane, iweke mahali pasipo na upepo. Nenda kazini. Moto ule ule uliofungiwa ndani utaendelea kupika bila mafuta hata tone. Saa sita unafungua, yamelainika. Unatia chumvi, unapasha kidogo, unakula.

Hili limejaribiwa hapa Jumapili, kwa saa ya ukutani, kwenye sufuria ndogo kama yako. Sharti ni moja: usifunue katikati. Ukifunua kuchungulia umemuamsha mtoto.

Umeniita mwalimu. Usinisifu sana, mume wangu, utanifanya nione aibu.

Mkeo


18 Machi

Mke wangu,

Nina alama ya pili. Imebaki moja, na kuna kuta za ghorofa mbili nzima hazijaguswa.

Nilifanya kila ulichosema. Niliamka gizani, nikachemsha, nikaifunga sufuria kwa blanketi, nikailaza kitandani pembeni ya ukuta mahali pasipo na upepo. Nilitoka saa kumi na mbili na nusu nikiwa na furaha ya mtu anayejua kuna kitu kinamsubiri. Saa sita nilikuta sufuria iko chini sakafuni, uchi, ya baridi, na Popo amejifunika blanketi gubigubi. Alirudi na baridi ya usiku mzima, akakuta blanketi lake limevalishwa sufuria. Akaivua, akalivaa yeye. Maharage yalikuwa kama siku ya kwanza.

Nilikuwa na dakika arobaini bado. Mtu mwenye akili angeyaacha akakimbilia mkate. Mimi nikawasha jiko, nikasimama juu yake, nikaanza kumfokea mtu aliyelala. Naye akaamka akaniambia, "Kijana, mimi nilikesha nikilinda huo ukuta wako usiibiwe, wewe unaninyima blanketi kwa ajili ya maharage?" Nikamjibu. Akanijibu. Maneno yalikwenda, dakika nazo zikaenda. Nilifika getini saa saba na dakika kumi na moja. Msimamizi aliandika alama, halafu akaniangalia kama mtu anayeangalia ufa.

Sasa hatuzungumzi. Ni kazi ngumu kununiana na mtu mnayelala naye kitanda kimoja kwa zamu. Asubuhi natandika vizuri kwa hasira, na yeye jioni anatandika vizuri zaidi.

Nimerudia mkate mkavu na chai. Saa tisa mwiko unakuwa mzito na lipu inajua. Jana nimerudia ukuta mmoja mara mbili. Nijibu upesi. Nikirudi sasa nitarudi bila barua, na maneno ya mama yatakuwa ya kweli, yamechelewa tu.

Mumeo


27 Machi

Kitinda,

Mimi ni mama yako. Anayeandika ni karani mstaafu wa nyumba ya pili, yule wa miwani. Nimemwambia aandike ninachosema na si anachodhani nasema. Amesema amefanya kazi hiyo miaka thelathini mahakamani na hawezi kuruka neno.

Mkeo hayupo. Dada yake amejifungua mapacha, amekwenda kumsaidia. Barua yako imekuja jana ikiwa na jina lake. Nimeifungua. Siombi radhi, kwa sababu barua za vyakula zote ni zangu. Hilo usiandike, karani. Ameandika. Haya basi, limeshatoka.

Mkeo anajua kushona, na kwa kushona hana mpinzani. Lakini jikoni mchana hajawahi kukaa, atakaaje na yuko cherehani tangu asubuhi? Hicho chakula ulichokikuta mezani ulidhani kimeota? Barua yako ya kwanza aliisoma kwa sauti chumbani kwake, na kuta za nyumba hii ni nyembamba, aliyezipiga lipu ni wewe ulipokuwa unajifunza. Nikaingia nikamwambia mwandikie hivi na hivi, na usitaje jina langu, maana mwanangu anadhani nitamcheka. Nilicheka, lakini baada ya kumaliza kukujibu.

Sasa nikwambie kosa lako. Usimlaumu mlinzi. Umechukua blanketi la mtu aliyekesha ukalivika maharage ambayo yeye hana fungu ndani yake. Angefanyaje? Sufuria ya mtu mmoja haina rafiki. Kesho asubuhi usitoke mpaka arudi, hata kama itakubidi ukimbie kwenda kazini. Muombe radhi kwanza, wewe ndiye mdogo. Kisha mwambie: haya ni ya wawili. Tia vikombe viwili badala ya kimoja. Sufuria ilale naye ndani ya blanketi, mgongoni, mtu wa umri wake anayesimama usiku kucha mgongo unamsumbua, joto litamfaa. King'ora kikilia yeye ndiye afungue, atie chumvi kwa ncha ya kijiko, apakue. Wewe ukute sahani. Mtu hafunui kabla ya wakati chakula anachokisubiri yeye mwenyewe.

Jambo la pili. Umeandika kwamba sikutoka kukuaga. Hilo limeniuma na nimekaa nalo tangu Februari. Asubuhi ile nilikuwa jikoni nakufungia chakula cha njiani. Nilichelewa kwa sababu nilitaka kiwe cha moto. Nilipotoka nacho mlango ulikuwa wazi na wewe huonekani. Nilikaa kizingitini nikakila mwenyewe, chote, kwa hasira, na tumbo likaniuma mpaka jioni. Mkeo anajua. Nilimkataza kukuambia.

Ya usiku ule niliyasema. Siyakatai. Mama akiogopa hutukana.

Mwisho. Karani, weka nukta.

Mama yako

(Nami nakusalimu, kijana. Alilia kidogo kwenye aya ya mlango, akaniambia nisiandike. Karani.)


15 Aprili

Mume wangu,

Nimerudi juzi. Mapacha wazima, mmoja ana sauti ya king'ora chenu. Nimekuta nimesalitiwa na karani.

Nisamehe. Kila uliponisifu nilikuwa nataka kuandika ukweli, na kila nikishika kalamu mama alikuwa nyuma yangu akisema, "Endelea, dengu." Siku ile ya Jumapili ya kujaribu maharage alikaa mbele ya saa tangu asubuhi, na blanketi lililofunga sufuria ni lako. Tulipofungua yalikuwa yamelainika, akasema, "Basi mwanangu atakula," akaenda kulala mchana, yeye asiyelala mchana.

Na nikwambie kitu ambacho yeye hatakuambia. Tangu uondoke hakuwa anapika mchana. Alisema hakuna wa kumpikia, akawa anashindia chai. Barua yako ya maharage ndiyo iliyomrudisha jikoni. Sasa kila siku anapika kwa dakika arobaini, anasema lazima ajue kama inawezekana, na mimi naletewa chakula cherehani. Nimenenepa. Mikanda ya sare naijaribu kwangu na haifiki.

Lakini niambie umefanya nini na Popo. Wiki nne hujaandika. Alama ya tatu imekuja? Kama imekuja njoo tu, mlango ni wako. Lakini nijue.

Mkeo


9 Juni

Mama, na wewe mke wangu, maana najua mtasoma pamoja,

Leo ni miezi mitano kasoro wiki moja tangu nitoke. Kadi ya Aprili nilituma kusema tu kwamba nipo. Sikuandika zaidi kwa sababu kuta za nje zilianza, na jioni mkono haukutaka kushika kitu chembamba kama kalamu.

Mama, asubuhi ile nilimsubiri Popo. Alipoingia nilisimama nikamwomba radhi. Alivua kofia, akatazama sufuria, akauliza, "Ni ya wangapi?" Nikasema ya wawili. Akasema, "Ungesema hivyo tangu mwanzo tusingepoteza mwezi." Akapanda kitandani, akaikumbatia. Saa sita nilipofungua mlango nilikuta sahani mbili juu ya ndoo iliyopinduliwa na mvuke unapanda. Mgongo wake umepona. Anasema ataoa sufuria.

Tulikula hivyo chumbani kila siku ya kazi mpaka Mei. Maharage ndiyo mengi. Dengu tukiamka vibaya. Siku ya mshahara mayai, na mara moja samaki mkavu ambaye Popo alimnunua mwenyewe, akampika mwenyewe, akamuunguza mwenyewe. Baada ya kula nalala dakika tano, yeye ananiamsha. Mlinzi ni mlinzi.

Sasa ya daftari. Wiki ya pili ya Mei mwenye kibanda aliuguliwa, akafungua nusu saa baada ya king'ora. Foleni ilifika barabarani ikakunja kona. Saa saba msimamizi alisimama getini, na watu kumi na mmoja waliingia mmoja mmoja mbele ya kalamu yake. Kwa wanne kati yao ilikuwa alama ya tatu, na mmoja ni yule aliyenishika mkanda siku ile ya jukwaa. Mimi nilikuwa nimeshapanda, nina mwiko mkononi, nawaona kutoka juu. Nilishuka. Sijui niliupata wapi ujasiri, labda ni maharage. Nikamwambia msimamizi kwamba watu hawa hawakuzembea, walikuwa na njaa, na kama atawafuta kazi wanne leo nani atamaliza ghorofa ya saba. Akaniuliza, "Na wewe siku hizi unakula wapi hata unawahi hivi?" Nikamwambia ukweli wote, blanketi na Popo na wewe mama. Alicheka mpaka akaegemea geti. Hakuzifuta alama, lakini hakumtoa mtu. Siku iliyofuata alileta pipa la chuma, magunia na maranda ya mbao, akasema, "Haya, fundi wa maharage, wafundishe." Tangu siku hiyo tunachemsha asubuhi kwenye sufuria moja kubwa, tunaizika ndani ya pipa, na mchana watu ishirini na sita, Popo akiwa mmoja wao, wanakula pale pale. Kila mmoja analeta kikombe chake cha maharage. Chumvi hawaniruhusu kugusa.

Ukuta wa mwisho tumeumaliza jana. Barua ya ufundi nimeiona kwa macho yangu mezani kwa msimamizi, ina jina langu na muhuri. Ameandika chini kwa mkono wake kwamba sikukosa siku. Alama mbili hakuzitaja.

Mama, ya mlangoni nimeyasoma mara nyingi kuliko barua zote. Mimi nilisimama pale kizingitini nikihesabu mpaka hamsini. Ningehesabu mpaka mia.

Imebaki kusafisha majukwaa na kukabidhi vifaa. Basi ninalopanda huondoka Ijumaa jioni na kufika asubuhi, kwa hiyo nitafika nyumbani Jumamosi tarehe ishirini na nane, saa nne, ikizidi sana saa tano. Msipike siku hiyo, sufuria niachieni mimi. Niwekeeni njaa tu.

Kitinda